Kabla Hujaandika "Uvamizi"

Taarifa ikifika mezani kwangu ikiwa na neno "uvamizi" kwenye kichwa, naisoma mpaka mwisho kabla sijagusa hata nukta. Kisha namwita mwandishi. Aliyeingia ni nani? Pale alipoingia ni pa nani? Na nani amesema hakuruhusiwa? Akinijibu yote bila kujikanyaga, neno linabaki. Akianza na "aa, dada, si unajua tena", linatoka.

Nahariri habari za Kiswahili hapa Dar es Salaam, za nyumbani na zile tunazozipokea kwa Kiingereza kutoka mashirika ya nje, na haya ndiyo ninayowaambia vijana wanaoanza kazi. Kama unaendesha ukurasa wako mwenyewe wa habari yanakuhusu zaidi, maana wewe huna wa kukusoma kabla hujabonyeza.

Jambo la msingi ni hili: anayevamia hakupiga hodi. Kitenzi hiki kimebeba ghafla, kimebeba nguvu, na kimeshamhukumu mtu kabla msomaji hajafika aya ya pili. Hakuna mvamizi mwema kwa Kiswahili. Kwa hiyo ukilitumia, uwe tayari kuitetea hukumu hiyo mbele ya yule uliyemwita mvamizi, akikupigia simu kesho asubuhi. Wapo wanaopiga.

Majeshi

Anza na mfano usio na ubishi. Mwishoni mwa Oktoba 1978 askari wa Idi Amin walivuka mpaka wakaingia Kagera. Tarehe 1 Novemba Amin akatangaza kwamba ardhi iliyo kaskazini ya Mto Kagera, karibu kilomita za mraba 1,800, sasa ni ya Uganda. Kesho yake Mwalimu Nyerere akalihutubia taifa na kutaja sababu, uwezo na nia ya kumpiga. Nani kaingia, kaingia kwa nani, nani kakataa: majibu yote yapo na yana tarehe. Andika uvamizi, tena bila "unaodaiwa".

Ugumu unakuja miezi michache baadaye. Majeshi ya Tanzania, pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni, yakavuka mpaka kwenda upande wa pili na kuingia Kampala Aprili 1979. Utakutana na maandishi ya Kiingereza yanayosema Tanzania iliivamia Uganda. Kwenye mkutano wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliofanyika Monrovia Julai mwaka huo, Nimeiry wa Sudan na Obasanjo wa Nigeria waliilaumu Tanzania kwa kuingia nchi ya mwenzake. Waganda wengi walioteseka miaka ile wanaita ukombozi. Mama yangu ni mtu wa Kyaka, huko huko Kagera, vita hii naijua kwa masimulizi ya jikoni kabla ya vitabu, na ukiniuliza nje ya kazi nitakwambia tulikwenda kumng'oa nduli. Nikiwa kazini naandika: "Majeshi ya Tanzania na wapiganaji wa Uganda waliingia Kampala na kuuangusha utawala wa Amin." Sihitaji uvamizi wala ukombozi, vitenzi viwili vimemaliza kazi, na anayetaka kujua nani alimlaumu nani anapewa aya yake.

Hiyo ndiyo njia ya kutokea ninayoipenda kuliko zote. Nomino ikigombewa, rudi kwenye kitenzi cha kawaida: waliingia, walivuka, walitua, waliteka, walikalia.

Jina ambalo mwenye vita amejipa mwenyewe lisikuingie kalamuni kama lako. Oktoba 2011 jeshi la Kenya liliingia Somalia kuwafuata al-Shabaab, na Nairobi ikaiita kazi ile Operesheni Linda Nchi. Jina zuri, la Kiswahili safi, na ndiyo maana ni hatari kwetu: linateleza ndani ya sentensi bila alama za nukuu na hakuna anayeshtuka. Sema Kenya iliiita hivyo, kisha eleza kwamba wanajeshi walivuka mpaka. Vivyo hivyo na Urusi. Tarehe 24 Februari 2022 ilipoingia Ukraine, Moscow ilitangaza "operesheni maalumu ya kijeshi", na siku mbili baadaye mamlaka yake ya mawasiliano ikaviamuru vyombo vya habari vya huko viondoe maneno kama uvamizi na vita. Neno likipigwa marufuku na mwenye bunduki, hapo unajua lina uzito gani.

Niliulizwa wakati ule kama tuendelee kuandika uvamizi ilhali Tanzania haikupiga kura upande wowote. Kura yenyewe ilikuwa tarehe 2 Machi kwenye Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa: nchi 141 ziliunga mkono azimio la kuilaumu Urusi, 5 zikapinga, 35 zikajizuia. Kenya, Rwanda na Kongo ya Kinshasa ziliunga mkono. Tanzania, Uganda na Burundi zilijizuia. Habari ya kura ni habari ya diplomasia, iandike kama ilivyo. Haibadilishi kwamba vifaru vilivuka mpaka unaotambuliwa, na mwenye nchi hakuvikaribisha.

Kwenye maazimio ya namna hiyo utakuta neno ambalo sisi tunalitafsiri "uchokozi". Lina tafsiri yake ya kisheria tangu Desemba 1974, Baraza Kuu lilipopitisha azimio namba 3314, na kwenye orodha ya vitendo vinavyohesabiwa, cha kwanza kutajwa ni majeshi ya nchi moja kuivamia au kuishambulia ardhi ya nchi nyingine. Kisheria, basi, uchokozi ni mwavuli na uvamizi uko chini yake. Tatizo ni kwamba masikioni mwa msomaji wa Kiswahili uchokozi ni wa watoto kutupiana mchanga. Mimi naongeza: "uchokozi wa kijeshi". Si dawa kamili, lakini hakuna atakayecheka.

Kuna lingine linalowaponza watafsiri. Kiingereza hulitumia neno lake la "invasion" hata pale mwandishi anaposhangilia. Tarehe 6 Juni 1944 Washirika waliposhuka kwenye fukwe za Normandy kuitoa Ufaransa mikononi mwa Ujerumani ya Hitler, wenyewe waliita hivyo kwa fahari. Ukiandika "uvamizi wa Normandy" kwa Kiswahili, msomaji asiyeijua vita ile atadhani waliotua ndio wabaya. Andika "kutua kwa majeshi ya Washirika Normandy".

Shambulio halijawa uvamizi

Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Uingereza ziliipiga kasri ya Zanzibar kwa mizinga. Chini ya saa moja mambo yalikuwa yamekwisha, na Sayyid Khalid, aliyejitwalia usultani, alikimbilia kwenye ubalozi mdogo wa Ujerumani. Hilo ni shambulio. Mizinga ilipigwa kutoka baharini, na kilichotakiwa ni kumng'oa mtu mmoja kwenye kiti katika kisiwa ambacho Uingereza tayari ilikuwa inakisimamia. Linganisha na 1505, Wareno wa Francisco de Almeida walipofika Kilwa na kisha Mombasa: walishuka, wakaingia mjini, wakapora, na Mombasa wakaichoma moto. Huo ni uvamizi. Walipoanza kujenga Ngome ya Yesu mwaka 1593, tulikuwa tumeshafika kwenye kukalia, ambalo ni jambo la tatu na lina siasa zake.

Waomani walioitwaa ngome hiyo mwaka 1698, baada ya kuizingira tangu 1696, nawaandikia "waliiteka". Wapo watu wa Mombasa walioomba msaada wao dhidi ya Wareno. Ukishaitwa na baadhi ya wenyeji, swali langu la tatu linapata majibu mawili, na neno uvamizi halikai vizuri kwenye majibu mawili.

Polisi je? Polisi wakiingia nyumba ya mtu kutafuta mali ya wizi, huo ni msako au upekuzi. Usiandike "polisi wavamia" kwa sababu tu kichwa kinavutia. Lakini wakiingia usiku bila hati na mlango ukavunjwa, usiandike "msako" kwa sababu tu taarifa yao inasema hivyo. Eleza saa, mlango, na kama hati ilionyeshwa.

Wanyama, wadudu, magugu

Novemba 1914 Waingereza walishusha kikosi kutoka India kuiteka Tanga mikononi mwa Wajerumani, wakapigwa vibaya na kamanda wa Wajerumani, von Lettow-Vorbeck. Milio ya risasi ikawachokoza nyuki, nao wakatoka wakauma bila kuuliza sare, na mpaka leo wapo wanaoyaita mapigano yale Vita vya Nyuki. Ukiandika kwamba nyuki waliwavamia askari, umesema kweli. Nyuki, simba, mbwa kichaa: kuvamia kwao kunaeleweka na hakuna wa kudai fidia ya jina.

Tembo ni habari nyingine. Kila msimu wa mavuno napokea "Tembo wavamia kijiji". Muulize mwandishi kijiji kile kiko wapi, na mara nyingi utakuta kiko juu ya ushoroba ambao tembo walikuwa wakipita kabla ya mahindi. Simwonei mkulima, usiku mmoja wa tembo unamaliza chakula cha mwaka. Ila "tembo waingia mashambani na kula mahindi" inampa haki yake yote, na aya inayofuata ikiutaja ushoroba haionekani kugombana na kichwa cha habari.

Nzige waliostukiza Kenya mwishoni mwa 2019 nawaruhusu waitwe wavamizi asubuhi na jioni. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilisema Kenya haikuona balaa kama lile kwa miaka 70, na hesabu yake ni kwamba kundi la kilomita moja ya mraba linaweza kula kwa siku chakula cha watu 35,000. Takwimu kama hiyo ukiwa nayo, weka. Neno peke yake halimwambii mtu ukubwa.

Kwa wataalamu wa kilimo na mazingira, "vamizi" ni sifa yenye mpaka wake: kiumbe kimetoka kwingine, kimeenea, na kinadhuru. Ndiyo maana tuna viwavijeshi na viwavijeshi vamizi. Wa kwanza ni wa Afrika, wazee wetu waliwajua. Wa pili asili yao ni Amerika. Waliripotiwa Afrika kwa mara ya kwanza 2016 na mwaka uliofuata wakawa Tanzania na Kenya, ndani ya mahindi. Dawa na mbinu zinatofautiana, kwa hiyo ukilidondosha neno "vamizi" ili sentensi iwe fupi, unaweza kumpeleka mkulima dukani akanunue kisichomfaa. Hapa neno halihukumu, linatambulisha. Liache lilipo.

Lakini hata wataalamu hawakubaliani na mvuvi. Sangara aliletwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, akala samaki wadogo wa asili mpaka wengi wakatoweka, na kwa kipimo cha sayansi ni vamizi asiye na mjadala. Nenda Mwanza ukamwambie hivyo mtu aliyejenga nyumba kwa minofu ya sangara. Kunguru weusi nao waliletwa Zanzibar kwa makusudi mwishoni mwa karne ya 19 ili wale takataka. Leo wanakula vifaranga na mayai ya ndege wengine, na mwaka 2024 Shirika la Wanyamapori la Kenya lilitangaza mpango wa kuwaua milioni moja huko upande wake. Mathenge, mti wa miiba uliopandwa Baringo miaka ya 1980 kuzuia jangwa, uliharibu meno ya mbuzi mpaka wenyeji wakampeleka mahakamani Nairobi mbuzi kibogoyo kama ushahidi. Katika habari za viumbe waliopandikizwa, taja aliyewaleta. Kunguru hakuja na mashua yake.

Ardhi: hapa nenda polepole

Hapa ndipo neno hili linapoumiza watu wa kweli, na ndipo ninapolikata mara nyingi zaidi. Mtu akishaitwa mvamizi wa ardhi gazetini, afisa anayekuja na tingatinga hana tena kazi ya kueleza.

Sheria za ardhi za Tanzania za 1999, ile namba 4 na ile namba 5 ya ardhi ya vijiji, zinatambua haki za kimila, maana yake mtu asiye na hati si lazima awe hana haki. Kwa hiyo "hawana hati" haitoshi kuandika "wavamizi". Kenya nako, aliyekaa kwenye ardhi waziwazi miaka 12 bila kusumbuliwa anaweza kwenda mahakamani kudai imekuwa yake. Na pwani ya Kenya kuna wanaoitwa maskwota kwenye vipande ambavyo mababu zao walivilima kabla hati ya kwanza haijaandikwa. Andika "wakazi wa eneo linalogombaniwa". Andika "kampuni inasema ilipewa hati mwaka fulani, wakazi wanasema walikuwapo kabla". Ni refu. Litoshee.

Hifadhi ya barabara ndiyo habari ya kila mwaka Dar es Salaam. Watu wenyewe wameshatengeneza lugha nzuri kuliko yetu: kuna waliofuata barabara na waliofuatwa na barabara. Nyumba za Kimara, kando ya Barabara ya Morogoro, zilipobomolewa 2017 kupisha upanuzi, mabishano yote yalikuwa humo humo, na fidia pia. Mwandishi aliyeandika "wavamizi wabomolewa" alikuwa ameshalijibu swali ambalo wenye nyumba walikuwa bado wanaliuliza. Mahakama ikishaamua, andika ilivyoamua. Kabla ya hapo, kuvamia ni madai ya upande mmoja na yawe na mwenyewe: "manispaa inasema wamevamia".

Wafugaji na wakulima ni hivyo hivyo, na hapa naomba usikilize vizuri. "Wafugaji wavamia mashamba" tunaliona kila kiangazi. "Wakulima wavamia njia ya mifugo" je, uliliona lini? Zote mbili hutokea. Na jina la kabila lisiwe kiima cha kitenzi hiki, hata kama chanzo chako kimelitaja hivyo. Walioingiza ng'ombe ni watu fulani, wana idadi, na kama polisi wamewakamata wana mashtaka.

Majambazi

"Majambazi wavamia duka" ni sahihi, ni ghafla na ni nguvu, liache. Jihadhari tu mshtakiwa akifikishwa mahakamani. Kwenye Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, hutakuta mtu akishtakiwa kwa "uvamizi". Hati ya mashtaka itasema unyang'anyi wa kutumia silaha, au kuvunja nyumba, au kuingia kwa jinai, na adhabu zake ziko mbalimbali kabisa. Nakili kilichoandikwa kwenye hati.

Yanayotafsiriwa vibaya

Faragha haivamiwi, inaingiliwa. Katiba ya Tanzania inaigusa kwenye Ibara ya 16, ya Kenya kwenye Kifungu cha 31. Ukiandika kesi ya picha zilizosambazwa bila ruhusa, taja kifungu na uandike "kuingilia faragha". Akaunti hudukuliwa. Saratani iliyotoka mahali pake "imepenya" au "imesambaa", muulize daktari ni lipi kati ya hayo mawili, kwa sababu kwake si kitu kimoja. Na ule upasuaji ambao Kiingereza huusifu kwamba hauvamii sana mwili, hospitali zetu huuita upasuaji wa matundu madogo. Tumia hilo, mgonjwa ataelewa anachofanyiwa.

Mashabiki wakiruka uzio, wamevamia uwanja, sawa. Mshambuliaji akiingia eneo la hatari hajavamia kitu, ndiyo kazi aliyoajiriwa. Anayekula harusi bila kadi amezamia. Na yule anayeimba bila sauti tunasema amevamia fani, matumizi matamu ambayo nayaachia safu za burudani peke yake, kwa sababu msanii mmoja akishtaki ni sisi tutakaotafuta kipimo cha sauti.

Hicho kiunganifu "wa"

La mwisho ni la sarufi, na ndilo ninalolirekebisha zaidi kuliko mengine yote. "Uvamizi wa Iraq": upi? Iraq iliyoivamia Kuwait tarehe 2 Agosti 1990, au Iraq iliyovamiwa na Marekani na washirika wake Machi 2003? Sentensi haisemi, na mara ya kwanza nchi ile ilikuwa mkosaji, mara ya pili ikawa inayopigwa. "Uvamizi wa Ukraine" nao ulikuwa wazi mpaka Agosti 2024, majeshi ya Ukraine yalipoingia Kursk, upande wa Urusi. Tangu hapo hata huo una utata.

Usiutegemee muktadha, msomaji wa simu anaona kichwa tu. Taja mtendaji, kisha mtendewa, kwa kitenzi ikiwezekana: "Iraq ilipoivamia Kuwait", "Marekani ilipoivamia Iraq". Ukilazimika kutumia nomino, "uvamizi wa Urusi nchini Ukraine" unatosha. "Dhidi ya" nayo inafaa. Na kichwa cha habari kikikubana nafasi, punguza kivumishi, punguza cheo cha mheshimiwa, punguza hata jina la mji. Aliyevamia na aliyevamiwa wabaki wote wawili.